Maswali ya Wasomaji: Tabibu Anayetaka Shahada, Aanzie Wapi?

Nina stashahada ya utabibu, NTA 6, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini kwenye zahanati ya serikali. Marekani kuna shahada ya uzamili ya physician assistant, maarufu kama PA, ya miaka miwili na kitu. Kazi yao naiona ni hii hii yangu: kupokea mgonjwa, kumpima, kuandika dawa, kushona kidonda. Naweza kuomba kwa stashahada yangu? Au nikafanye tu mtihani wao wa leseni? — Tabibu, Bahi

Yote mawili hayawezekani, na ni heri ulijue hilo kabla hujampa mtu hela yako. Mtihani wao unaitwa PANCE, una maswali 300, na anayeruhusiwa kuufanya ni mhitimu wa programu iliyoidhinishwa na ARC-PA, chombo cha ithibati cha huko. Tabibu kutoka nje haruhusiwi, na hata daktari mwenye MD (shahada ya udaktari) ya nje haruhusiwi kuingia kwa mlango huo. Kwa hiyo wakala anayekuahidi kozi fupi ya mtandaoni halafu leseni, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Stashahada nayo inakwama kwenye ngazi. PA ni uzamili, na uzamili unadai shahada ya kwanza. NTA 6 ni stashahada, shahada ni ngazi ya 8. Umehudumia wagonjwa wengi pengine kuliko wanafunzi wengi wanaopokelewa huko, na uzoefu huo wanauthamini sana: darasa la kwanza la PA lililoanzishwa Duke mwaka 1965 lilikuwa la wahudumu wa tiba wanne waliotoka Jeshi la Majini. Lakini uzoefu unaongezwa juu ya shahada, haukai mahali pake.

Sasa piga hesabu ya miaka. Shahada ya kwanza ya fani ya afya au sayansi hapa nchini ni miaka mitatu au minne. Ongeza programu ya PA, ambayo kwa kawaida ni miezi 24 hadi 27: mwaka wa kwanza na zaidi darasani na maabara, kisha mzunguko wa mafunzo kwa vitendo kwenye tiba ya ndani, upasuaji, watoto, afya ya wanawake, dharura, tiba ya familia na afya ya akili. Jumla ni miaka mitano hadi sita na ushei. MD ya hapa ni miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali. Muda ni karibu ule ule, ila ukimaliza MD unakuwa daktari nyumbani kwako, wakati Tanzania haina kada ya PA kwenye muundo wa utumishi. Ukirudi na cheti hicho utaanza kuhangaika TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, watambue shahada yako, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika waamue wakuweke wapi.

Halafu kuna fedha. Ada ya programu nzima huko mara nyingi inazunguka dola 100,000, mbali na pango na chakula. Mikopo ya serikali yao si ya wageni wenye viza ya mwanafunzi, mkopo wa benki hudai mdhamini wa huko, na masomo yenyewe hayaachi nafasi ya kibarua. Tena baadhi ya programu hazipokei kabisa mtu asiye raia au mkazi wa kudumu, na hawarudishi ada ya maombi. Sentensi hiyo huwa imeandikwa chini kabisa ya ukurasa wa masharti; itafute kwanza.

Kwa maoni yetu, tabibu aliyeko Bahi mwenye GPA (wastani wa alama) nzuri aanze kuangalia MD. Masharti yake tumeyaeleza kwenye jibu la Mpwapwa hapa chini.

Mimi ni muuguzi mwenye shahada, niko hospitali moja hapa Dodoma mjini. Mume wangu ni mkazi wa kudumu Marekani na taratibu zangu za kumfuata zinaendelea. Nataka kusoma PA nikifika. Naambiwa kuna saa za kumhudumia mgonjwa zinazohitajika. Zinahesabiwaje, na nijiandae vipi nikiwa bado hapa? — Muuguzi, Dodoma

Wewe dada hali yako ni tofauti, na mengi ya kuyafanya yako hapa hapa kabla hujapanda ndege.

Maombi karibu yote hupitia mfumo mmoja, CASPA, unaofunguliwa mwishoni mwa Aprili kila mwaka. Programu nyingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia, hawasubiri tarehe ya mwisho. Anayetuma Septemba anagombea viti vilivyobaki.

Kuhusu saa: CASPA inatenganisha saa za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja na saa za kazi nyingine za afya. Kuchukua vipimo, kutoa dawa, kufunga kidonda, kuzalisha, hizo ni za kundi la kwanza. Kujaza ripoti ya mwezi ya takwimu za afya (MTUHA), kuagiza dawa, kuhudhuria kikao cha idara, hizo ni za kundi la pili. Mazoezi ya wodini ulipokuwa chuoni usiyahesabu kwenye saa zako za kazi. Kiwango cha chini hutofautiana: wapo wanaotaka 500, wapo 1,000, wapo 2,000. Mtu wa saa 40 kwa wiki, ukitoa likizo ya siku 28 na sikukuu, anapata takriban 1,800 kwa mwaka, kisha unapunguza za makaratasi. Usiandike 40 zote kama za mgonjwa. Msomaji wa maombi anayejua wodi ataona.

Ushahidi ndio unaowashinda wengi. Piga picha rota za zamu kila mwezi, maana zikibanduliwa ukutani zimekwenda. Usipige picha rejista ya wagonjwa, hiyo ni siri yao. Andika daftarini kwako tarehe, wodi, saa na aina ya kazi, bila jina la mtu. Kabla hujaaga, omba barua ya utumishi inayotaja tarehe ya kuanza na kuacha, cheo, saa kwa wiki na majukumu. Barua ya mstari mmoja ya "alikuwa mtumishi wetu mwaminifu" haikusaidii kitu.

Wadhamini hujaza fomu zao wenyewe kwa barua pepe. CASPA hudai angalau wawili, programu nyingi hutaka watatu. Hapo ndipo penye mtego: mganga mfawidhi anakupa anwani ya barua pepe ambayo hajaifungua tangu semina ya mwaka juzi. Hakikisha anaifungua kwenye simu yake, mwambie aangalie na folda ya barua taka, na mfuatilie kila wiki kwa adabu.

Nakala ya matokeo ya chuo itabidi itathminiwe na taasisi kama WES, kozi kwa kozi. Chuo ndicho kinachotuma, moja kwa moja. Ukibeba bahasha mwenyewe ikafunguliwa njiani haipokelewi. Na usijikokotolee GPA kichwani. Vyuo vyetu vingi hutumia kipimo cha 5, wao cha 4, na hawagawanyi tu: hubadilisha alama ya kila kozi, ndipo wanakokotoa upya. Wengi huweka 3.0 ya kwao kama kiwango cha chini, wakitazama masomo ya sayansi peke yake pia.

Majina yalingane. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti ina matatu na cheti cha ndoa kimekuongezea la nne, tengeneza hati ya kisheria ya majina ungali hapa.

Masomo ya msingi wanayodai ni anatomia na fiziolojia zenye maabara, mikrobiolojia, kemia hadi kemia ogania au bayokemia, takwimu, na saikolojia. Shahada ya uuguzi inagusa mengi, lakini kemia huwa pungufu, na programu kadhaa hutaka masomo haya yasomwe kwenye chuo cha Marekani, tena ndani ya miaka mitano hadi kumi iliyopita. Panga mwaka mmoja wa chuo cha jamii ukifika. Ni nafuu, na alama mpya za huko zinasomeka kirahisi kuliko zetu.

Insha yako ina kikomo cha herufi 5,000, nafasi zikiwemo. Usiijaze huruma. Mweleze mgonjwa mmoja, ulichokiona, ulichoamua na ulipomwita daktari, kwa sababu PA hufanya kazi sambamba na daktari na wanataka kuona kama unajua mpaka wako.

Nina stashahada ya utabibu, GPA 3.4. Nimeomba MD, mfumo umenikataa. Shida ni nini? — Tabibu, Mpwapwa

Tunashuku Hisabati. Stashahada ya utabibu hupokea ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati si lazima. MD kwa njia ya stashahada inadai wastani wa B au GPA ya 3.0, na pia angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Wengi huingia utabibu wakiwa na F ya Hisabati, hakuna anayewaambia, na wanaigundua miaka mitatu baadaye. Dawa yake ni kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Novemba, usajili huanza mapema sana mwaka huo huo wa mtihani, usisubiri.

Kama masomo yote matano unayo, angalia AVN yako, namba ya uhakiki wa stashahada inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Bila hiyo chuo kikuu hakiwezi kuona stashahada yako. Ikigoma kutoka, ama chuo chako hakijawasilisha matokeo yote, ama namba ya mtihani wa kidato cha nne iliingizwa vibaya. Vyote hurekebishwa na chuo ulikosoma. Chuo kikuu unachoomba hakina namna. Nenda kwa mkuu wa taaluma na nakala ya cheti, si kwa simu.

Kabla ya kuomba tena, soma mwongozo wa TCU wa mwaka huo huo. Na kama ni mwajiriwa wa halmashauri, barua ya ruhusa ya masomo ianze kwa mganga mfawidhi, ipite kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya) hadi kwa mkurugenzi, na usiondoke kituoni kabla ya jibu la maandishi. Kuondoka kwa ruhusa ya mdomo huhesabiwa utoro.

Shikamooni. Binti yangu ana D ya Kemia, Baiolojia, Kiswahili na Jiografia, Fizikia F. Chuo kimoja kimesema kitampokea utabibu. Ni kweli? — Mama, Kondoa

Marahaba, mama. Bila Fizikia hapana, hata chuo kikimpokea. Jina lake halitathibitishwa NACTVET na ada itakuwa imeliwa. Arudie Fizikia kwanza, na kama ana nguvu ya kusoma, arudie na Hisabati kwa mkupuo huo huo.