Popoo, doa jeupe na kipimo cha brashi

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu anatafuna tambuu mwaka wa 20 huu. Ana doa jeupe ndani ya shavu, upande ule anaoweka popoo, ile kokwa ya tambuu. Kliniki walimsugua kwa brashi, majibu yakaja kwamba hakuna seli za saratani. Mwenyewe asema hatii tumbaku, basi hana wasiwasi. Tuishie hapo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Msiishie hapo. Doa la mla popoo mara nyingi huwa na gamba nene. Brashi ikipita juu juu, kinachofika kwenye hadubini ni magamba matupu yasiyo na viini (sehemu ya kati ya seli yenye DNA), na majibu huwa safi ilhali tabaka la chini, zinakozaliwa seli, halijaguswa. Brashi inatakiwa izungushwe mahali pamoja mpaka vitokeze vitone vya damu. Hata hivyo, doa lisilobanduka likifutwa na lililopita wiki 2 halimalizwi kwa brashi: daktari wa kinywa akate kinyama kidogo kikapimwe.

Kuhusu tumbaku, mama amekosea. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitangaza popoo yenyewe, bila tumbaku, kuwa inasababisha saratani, na chapisho lao ni la mwaka 2004.

Jambo jingine: je, vidole vyake 3 vilivyopangwa wima vinaingia kati ya meno ya mbele? Visipoingia, na pilipili ikimchoma kuliko zamani, huenda mashavu yameanza kukakamaa. Ugonjwa huo uko chini ya ngozi ya kinywa. Brashi haiuoni kabisa.

SWALI: Slaidi zetu za walaji tambuu zina seli zilizotanuka na viini vilivyofifia. Tunakosea wapi?
Fundi wa maabara, Unguja

JIBU: Zinakauka hewani. Mgonjwa asukutue kwa maji kwanza, chokaa na wekundu vitoke. Pakeni tabaka jembamba, kisha slaidi iingie papo hapo kwenye ethanoli ya asilimia 95, ikae angalau dakika 15. Kama mnahesabu viini vidogo vya pembeni (vipande vya DNA vilivyobaki nje ya kiini kikuu, dalili kwamba seli imedhurika), rangi ya Giemsa itawadanganya, maana bakteria na chembe za keratini, protini ya magamba, hufanana navyo. Tumieni rangi ya Feulgen, inayoshika DNA tu. Hesabuni seli zisizopungua 1,000, na kiini kidogo kisizidi theluthi moja ya upana wa kile kikuu.