Nani Amefunzwa Hapo?

Juzi nimekaa nyuma ya chumba nikimtazama mmoja wenu, wanafunzi wa tiba ya muziki mlio fildi. Mtoto analia, anapewa kayamba, ananyamaza. Kayamba linachukuliwa, analia, anapewa tena. Mara sita ndani ya nusu saa, na daftarini kumeandikwa "mteja ametulia vizuri". Wadogo zangu, aliyefunzwa hapo ni nani?

1. Uimarishaji hasi si adhabu. Kila mwaka narudia. Konda wa daladala ya Igoma anakuchezeshea sarafu sikioni mpaka utoe nauli. Ukitoa kelele zinakoma, na kesho unatoa mapema. Kero imeondoka, tabia imeongezeka. Adhabu hupunguza tabia. Sasa kilio kilipokoma, aliyeimarishwa hasi ni mwenye kutoa kayamba.

2. Kabla hujaanza kuzima tabia, yaani kuinyima tuzo iliyoizoea, jipime kama una moyo wa kufika mwisho. Hili nimelilipia. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mvulana wa miaka sita, hasemi, anapenda ngoma kuliko ugali. Akipiga ukelele nampa ngoma, anatulia, najiona bingwa. Mwezi haujaisha, mama yake, muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, akaniambia kwa upole uliouma: "Mwalimu, siku hizi nyumbani anapiga ukelele mpaka nimpe sufuria."

Usiku ule nikamrudia Skinner, yule mwanasaikolojia wa tuzo na tabia. Asubuhi nikaamua: ukelele hautoi ngoma tena. Nilikuwa nimesoma kwamba tabia inayozimwa hupanda kwanza ndipo ishuke, lakini kusoma ni kusoma tu. Dakika kumi na moja za ukelele, viatu vikarushwa dirishani, muuguzi akachungulia. Nikampa ngoma. Wiki iliyofuata nikavumilia zaidi kidogo, nikampa tena. Kumbe namfundisha kutokata tamaa! Tuzo ya mara mojamoja ndiyo inayoikomaza tabia. Mvuvi wa ndoana aliyepata sato mmoja kwa siku tatu, kesho utamkuta ziwani.

Nikamwita mama, nikakiri kosa ni langu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na sufuria je?" Lilikuwa limebonyea halikai jikoni. Tukaanza upya: akigonga meza mara mbili kwa vidole, ngoma papo hapo, akipiga ukelele, ngoma haitoki. Na mama afanye vilevile nyumbani, maana bila hivyo nilikuwa natwanga maji. Ilichukua wiki nyingi. Sufuria nilinunua Makoroboi, kwa hela yangu.

3. Kumpokea mteja bila masharti, alivyofundisha mwanasaikolojia Carl Rogers, hakumaanishi akuvunjie gitaa.

4. Altshuler, daktari wa akili wa Marekani, alishayasema miaka ya 1940: anza na muziki unaolingana na hali ya mgonjwa, ndipo umsogeze taratibu. Mtu ana majonzi, wewe unamwanzishia bugobogobo na majembe hewani!

5. Mteja akikuita baba, usijivune wala usimkatize. Ni uhamisho wa hisia: anakutwika wewe hisia alizonazo kwa mtu mwingine maishani mwake. Freud huyo, baba wa uchambuzi wa nafsi. Andika, lete kwa msimamizi. Mimi bibi mmoja aliniita mjomba wiki tatu nikidhani ni heshima ya Kisukuma, mpaka siku aliyonigombeza kwa shamba nililomdhulumu.

Na makayamba yarudi kabatini. Nimehesabu, mawili hayapo.