Maswali ya Wasomaji: Mbao Kuukuu, Sakafu Mpya

SWALI: Tumebomoa paa la nyumba ya zamani tukapata mbao ngumu za unene wa milimita 25. Tunataka ziwe sakafu ya chumba cha kulala. Seremala anasema zikishapita kwenye mashine ya randa kazi imekwisha. Ni kweli?

JIBU: Randa huja karibu na mwisho. Msumari mmoja uliojificha hutia pengo kwenye kisu, na pengo hilo huacha mstari ulioinuka kwenye kila ubao unaofuata. Anzia kwenye ncha ya msumari: inyooshe, igonge hadi kichwa kichomoze upande wa pili, kisha ng'oa kwa mtaimbo huku umetanguliza kibao chini yake ubao usibonyee. Kichwa kikikatika usichimbe. Sukuma msumari utoke kwa chuma chembamba chenye ncha butu. Maliza kwa kifaa cha kutambua metali pande zote. Sumaku haitoshi, kwani haivuti skrubu za shaba.

Sakafu nyingi za mbao kuukuu huharibiwa na unyevu kuliko misumari. Ubao uliokauka darini hufyonza unyevu wa chumba ukavimba; uliolala nje hunywea na kuacha nyufa. Zipange ndani ya chumba hicho hicho, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya milimita 20, kimoja kila sentimita 45. Vijiti vya safu zote vikae mstari mmoja kwenda juu, la sivyo mbao zitapinda. Chukua ubao mmoja, upime uzito kila baada ya siku tatu. Uzito ukiacha kubadilika, mbao ziko tayari, na hapo ndipo randa iingie. Wakati wa kutandika acha milimita 10 kando ya kuta, maana ubao hutanuka kwa upana.

Pia usizihesabu zote. Ncha zilizopasuka na matundu ya misumari zinaweza kula robo yake.

SWALI: Baadhi zina vitundu na unga mweupe. Nizitupe?

JIBU: Bado. Gonga ubao unga utoke, weka karatasi nyeusi chini, usubiri wiki kadhaa. Unga mpya ni dalili kwamba wadudu wangali hai, ingawa karatasi safi haithibitishi kwamba wamekufa. Choma kwa bisibisi: ikizama kirahisi, hapo hapafai tena. Mara nyingi wanaobungua mbao ngumu hukaa kwenye sehemu nyeupe ya nje, basi ipasue uitoe. Kiini kilichobaki kipake dawa ya boraksi mara mbili, kabla ya vanishi. Juu ya vanishi haipenyi.

SWALI: Naweza kupiga msasa rangi ya zamani?

JIBU: Msasa mkavu, hapana. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Pima kwanza kwa vifaa vya kutambua risasi. Ikiwemo, toa rangi kwa dawa ya kuiyeyusha. Vivyo hivyo, mataruma ya reli yenye kreosoti (dawa nyeusi ya mafuta ya lami ya kuzuia mbao zisioze), hata yawe mazuri namna gani, yasiingie ndani.