“Ni mita tano tu, mwalimu”: kuzamia kwenye mabaki ya meli ukianzia ufukweni

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Naishi Mombasa na nina kadi ya uzamiaji ya daraja la kwanza niliyoipata mwaka jana. Gharama za boti zimenishinda, kwa hivyo nataka kutafuta mabaki ya meli yaliyo karibu na ufuko, nivae mtungi nchi kavu niingie kwa miguu. Nimeambiwa meli ya Wareno imelala chini ya Fort Jesus, na rafiki amenitumia alama za GPS za meli nyengine tatu zilizo kati ya mita tano na kumi. Nitakwenda na mtoto wa ami yangu. Hajasomea mtungi, lakini ni mvuvi wa pweza na kamba koche, anazamia tangu utotoni na hukaa chini hadi dakika mbili kwa pumzi moja. Kuna mtu wa kutukodisha mitungi bila masharti mengi. Kwa kina hicho kuna haja kweli ya yeye kusoma? Na nitajuaje kama alama nilizopewa ni za kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Meli zitangoja, nianze na mtoto wa ami yako.

Swali hili naletewa mara kwa mara, na haliji bila ya neno “tu”. Mita tano tu. Mita saba tu. Na anayetajwa huwa ni kijana aliyekulia baharini, anayeijua miamba kuliko mimi. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi ya mgeni asiyejua hata kuogelea, kwa sababu mgeni nikimwambia “usibane pumzi” atanisikiliza, na huyu mwili wake umezoea kinyume chake.

Mvuvi anayezamia kwa pumzi yake huvuta hewa akiwa juu. Akishuka, maji yanamkaza kifua na ile hewa inasinyaa. Akipanda inarudi ilivyokuwa wala haizidi. Kubana pumzi hakumchani mapafu. Sasa mvishe mtungi. Rekuleta, kile kifaa cha mdomoni kinachotoa hewa mtungini, humpa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yaliyomzunguka, na kwa kina cha mita 10 mgandamizo huo ni mara mbili ya ule wa juu. Kifua chake kimoja cha hewa kule chini kikifika juu ni vifua viwili. Siku maji yatakapomwingia kwenye miwani, au atakapoguswa mguu na kamba ya wavu, atafanya alichokifanya tangu ana miaka saba: atafunga koo na kupiga mapezi kuelekea kwenye mwanga. Mapafu hayana pa kuipeleka hewa ile. Yanachanika, hewa inaingia kwenye damu na kupanda ubongoni. Kwa mapafu yaliyojaa, kupanda zaidi kidogo ya mita moja kunatosha. Bwawa la kuogelea la hoteli linatosha.

Hapa ndipo hesabu ya “mita tano tu” inapokwenda kombo. Mzamiaji akitoka mita 40 hadi 30, hewa iliyo kifuani inaongezeka kwa robo. Akitoka mita 10 hadi juu, inakuwa mara mbili. Ni mita kumi zilezile, lakini zile za juu ndizo kali. Kina kifupi kina manufaa yake: hewa ya mtungi inadumu zaidi, na madhara ya naitrojeni, gesi ya hewani inayoingia mwilini kwa mgandamizo, hayaji haraka. Kwa mapafu ya mtu aliyebana pumzi, hakuna sehemu ya bahari iliyo mbaya kuliko hiyo.

Wanafunzi wangu nawaonyesha kwa puto. Tunashuka mita 10, nalitia hewa ya rekuleta mpaka likawa kama embe dogo, nalifunga fundo, kisha tunapanda polepole mno nikiwa nimelishika mbele ya macho yao. Mita saba, sita, linaanza kung’aa kwa kukazwa. Kwenye mita tatu mpira umekuwa mwembamba hata unaona jua ng’ambo yake. Kuna siku lilinipasukia mkononi kabla hatujafika juu. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, tulipotoka alikaa mchangani kimya akijishika kifua, kisha akaniambia, “Mwalimu, nilishapewa mtungi na mtu nikaenda nao mara tatu.” Nikamuuliza aliambiwa nini kabla ya kuingia. “Nipumue kwa mdomo.” Basi, somo lote lilikuwa hilo.

Kwa hivyo jibu ni ndiyo, kuna haja. Asome kozi nzima, na mwalimu aambiwe mapema kwamba ni mzamiaji wa pumzi, ili amrudie na kumrudia kwenye zoezi la kupanda akitoa hewa. Huyo anayekodisha “bila masharti mengi” muachane naye. Mtu anayejua kazi hii atakuuliza kadi, atakuuliza mara ya mwisho uliingia lini, atakutaka usikie harufu ya hewa ya mtungi kabla hujauvaa. Asiyeuliza hata moja anataka pesa ya kukodisha, na ukipotea atasema hakujui.

Sasa meli. Ile ya Fort Jesus ipo kweli. Ni Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyoletwa kuwaokoa waliozingirwa ndani ya ngome na Waomani, ikazama hapo 1697. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia waliichimba kwa miaka minne mfululizo, vitu vilivyotolewa viko kwenye jumba la makumbusho mlemle ngomeni, na mbao zilizobaki zikafunikwa tena kwa mchanga na matope ili zisioze. Wewe ukishuka hapo utaona tope. Na utakuwa umesimama kwenye mlango wa bandari ya zamani, ambamo maji ya mkono wa bahari wa Tudor hupita yakijaa na yakipwa, huku vyombo vikipita juu ya kichwa chako. Juu ya hayo ni urithi unaolindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Nenda ukaitazame ukiwa umevaa viatu, ulipe tikiti, uone mizinga na vyungu vilivyotoka humo. Naisema hivi kwa mapenzi, maana ni miongoni mwa hazina kubwa za mji wetu.

Za rafiki yako sizijui, lakini najua alama kama hizo zinakotoka. Nyingi zimenakiliwa kwenye ramani za mabaharia. Mstari mdogo uliokatwa na vistari vitatu, mara nyingi ndani ya duara la nukta, ni meli iliyozama, na pembeni yake mara nyingi pana herufi ambazo mnakili huziacha: PA ni kwamba mahali penyewe ni pa kukisia, ED ni kwamba hata kuwepo kwake kuna shaka. Ramani hizo zimechorwa ili nahodha apite mbali. Hapana aliyezichora ili wewe ufike. Ukitaka ukweli, kaa na wazee wanaotega nyavu. Wao wanapajua panaponasa, na watakuonyesha kwa alama za nchi kavu: mnara wa msikiti ukiwa sawasawa na mnazi fulani upande huu, jabali fulani likifunika paa fulani upande ule. Alama mbili zikikutana, uko juu yake. Mzee wa namna hiyo akipakosea ni kwa mita chache, na zile namba za GPS kwenye simu yako zimenakiliwa na watu kumi.

Hata ukipapata, jua utaona nini. Meli iliyozama kwenye kina kifupi haikai ilivyo. Ikiwa bandarini inazuia njia, inakatwa na kuuzwa chuma chakavu. Glasgow, meli ya Sultani wa Zanzibar iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza Agosti 1896, milingoti yake ilisimama juu ya maji mbele ya mji kwa miaka mingi, na 1912 wakaja wavunjaji wakaiondoa. Ikiwa kwenye mwamba, mawimbi ya kusi huitwanga mpaka inabaki boila, shafti, rafadha na nanga, vitu vizito visivyosukumika. Ikiwa ya mbao, mdudu atoboaye mbao ameimaliza zamani. Mafundi wetu wa majahazi hawakupaka deheni, ile shahamu iliyochanganywa na chokaa, kwa ajili ya urembo. Chombo kisichopakwa kinaliwa kikiwa hai, sembuse kilichokufa. Kinachobaki ni rundo la mawe ya farumi, yaani ya kutia chombo uzito, mawe ambayo si ya pwani hii, yamelala mchangani kwa umbo la chombo. Mimi rundo la farumi hunifurahisha kuliko chuma. Lakini wanaokuja na picha za filamu vichwani hupita juu yake bila kuliona.

Pahali unapoweza kutembea kutoka ufukweni hadi kwenye meli kubwa ni pachache duniani, na kila pahali pana kisa chake. Liberty ya Tulamben, Bali, ndiyo inayotajwa na wote. Ilipigwa torpedo na nyambizi ya Japani Januari 1942, ikaburutwa na kupandishwa ufukweni, ikakaa nchi kavu miaka ishirini na moja mpaka mlima Agung ulipolipuka 1963 na kuisukuma baharini. Ndiyo sababu imelala kwenye mteremko, toka mita tano hivi hadi karibu 30, hatua chache kutoka kwenye kokoto za ufuko. Pwani yetu haina mteremko kama huo. Tuna mwamba mrefu ulio mbali na mchanga, na meli iliyogonga iligonga upande wa nje. Ukienda kwa miguu utavuka maji ya ndani mamia ya mita, na mtungi mtupu wa alumini peke yake una kilo 14, bado uzito wa risasi unaofungwa kiunoni, kisha utafute mlango wa mwamba, uwazi wa kutokea nje. Great Northern, meli ya nyaya za simu iliyozama Zanzibar 1902, iko kwenye kina cha kama mita 12, kadi yako inairuhusu, lakini hufiki bila boti. Dania, iliyozamishwa kwa makusudi 2002 kaskazini ya Mombasa, iko karibu mita 30. Hiyo ngoja mpaka upate daraja la pili.

Na mlango wa mwamba nisiupite kwa haraka. Bamvua la mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Yakianza kupwa, yote yaliyo ndani ya mwamba hutafuta kutoka kwa njia ileile uliyoingilia. Mkondo wa noti mbili, yaani maili mbili za baharini kwa saa, ni kama mita 60 kwa dakika. Mzamiaji mwenye nguvu, na mapezi yake, hawezi hata nusu ya hapo kwa muda mrefu. Ukitaka kuingia kwa miguu, chagua maji mafu, ingia nusu saa kabla hayajasimama, uwe na boya lenye bendera, na mtu wa kukutazama ufukweni anayejua saa uliyoahidi kurudi. Kusi likivuma, kaa nyumbani. Ukifika kwenye chuma, tazama kwa nje, usijipenyeze ndani hata kama unaona mwanga upande wa pili.

Lakini narudi kwenye hewa, kwa kuwa ndiyo inayonikosesha usingizi. Wanaokodisha mitungi kiholela hawawakodishii wapenda meli peke yao. Wanawapa vijana wa majongoo na kamba koche, mitungi mitatu minne kwa siku, na pengine si mtungi bali mpira mrefu uliofungwa kwenye kompresa ya kupakia rangi, mashine iko palepale kwenye mtumbwi ikivuta moshi wake yenyewe. Moshi ule una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na aliye chini hulala usingizi asiamke. Wengine hutoka salama, wakakaa saa moja, kisha mabega yakaanza kuuma, miguu ikafa ganzi, haja ndogo ikazuilika: ni ile naitrojeni inayotoa mapovu mwilini. Hapo watajaa matabibu. Mmoja atasema ni shetani wa bahari apungwe. Mwengine atamkanda kwa mafuta ya nazi. Wa tatu, na huyu ndiye mbaya zaidi kwa vile anajifanya mjuzi, atasema arudishwe chini na mtungi mwengine “apate kufunguka”. Nimewaona waliorudishwa. Wanatembelea magongo, na mmoja wao hana bado miaka thelathini.

Mtu yeyote aliyepumua hewa ya mtungi au ya mpira, hata kwa kina cha mita tano, akitoka na maumivu ya kifua, damu mdomoni, kizunguzungu, ganzi au mguu usiotii, mlazeni chali, apewe oksijeni safi mfululizo tangu dakika ile, na akimbizwe hospitali huku mkisema wazi kwa daktari maneno haya: alikuwa akipumua hewa chini ya maji. Daktari asiyeambiwa atatibu kiharusi au malaria, na saa za kumfikisha kwenye chemba ya mgandamizo, chumba cha kutibia wazamiaji kwa hewa iliyogandamizwa, zitapita.