"CMOS checksum error" kila asubuhi: kabla hujalipia Windows mpya, soma hapa

Mkuu, nimepitia maelezo yako na majibu ya wadau. Kwa wanaoingia sasa hivi, hali ni hii: kompyuta ya mezani, mtumba uliotoka ofisini, kila asubuhi ikiwashwa inaandika "CMOS checksum error – Defaults loaded. Press F1 to continue, DEL to enter SETUP". Ukibonyeza F1 inaendelea na Windows inafunguka, ila tarehe imerudi 2009 na tovuti karibu zote zinagoma. Mmoja kasema virusi, mwingine kasema hadidiski imechoka, na fundi wa mtaani kwenu ameshakutajia bei ya kupiga Windows upya.

Hela yako iache mfukoni kwanza.

Angalia ujumbe unatokea saa ngapi: kabla hata nembo ya Windows haijaonekana. Wakati huo hadidiski haijasomwa, Windows haijaitwa. Anayeongea ni BIOS, ile programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi (ubao mkuu wa ndani ya kompyuta), ambayo kazi yake ni kukagua vifaa na kukabidhi usukani kwa Windows. Sasa ukipiga Windows upya umebadilisha nini kwenye BIOS? Hakuna. Kesho asubuhi utabonyeza F1 kama kawaida, tofauti ni kwamba huenda utakuwa huna na mafaili yako.

CMOS inayotajwa pale ni kumbukumbu ndogo inayokaa pamoja na saa ya kompyuta na kutunza mipangilio: iwashwe kutoka diski ipi, diski isomwe kwa mtindo gani, na kadhalika. Mpango huu ni wa tangu IBM PC/AT ya mwaka 1984, iliyokuwa na chipu ya saa ya Motorola yenye baiti 64 tu, 14 za saa na mambo yake, 50 zilizobaki za mipangilio. Kumbukumbu ya aina hii ikikosa umeme inasahau kila kitu, ndiyo maana ikawekewa betri yake. BIOS inapohifadhi mipangilio inajumlisha zile namba na kuandika jumla pembeni, kama muuza duka anayefunga hesabu jioni. Asubuhi inajumlisha tena. Jumla zikipishana, inajua kilichoandikwa si cha kuaminika, inarudisha mipangilio ya kiwandani na kukutaarifu. Huo ndio ujumbe wako wote. Na 2009 hiyo ni tarehe ya kuanzia iliyowekwa ndani ya BIOS yenyewe. Kwa mashine nyingi inakaribiana na mwaka ilipotengenezwa.

Sasa swali ambalo sijaona aliyekuuliza: usiku unazima na swichi ya ukutani?

Nauliza kwa sababu sisi wengi tunafanya hivyo, na tuna haki. Umeme ukikatika usiku na kurudi kwa kishindo, hutaki ukute kompyuta imechomekwa. Lakini kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa huku soketi imewashwa, pawasaplai (kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme) inaendelea kutoa volti 5 za akiba kwenye mazabodi, na saa inakula humo. Betri inakuwa inapumzika tu. Ukizima ukutani, saa inahamia kwenye betri hadi asubuhi. Huko ofisini ilikotoka mashine yako pengine haikuwahi kuchomolewa, kwa hiyo betri ilizeeka bila mtu kujua. Imefika kwako, kila usiku inafanya kazi peke yake, imekufa. Hii pia inaeleza kwa nini ukiizima na kuiwasha mchana bila kugusa swichi ujumbe hauji. Kama ni hivyo kwako, nakuhakikishia kwa sehemu kubwa kabisa ni betri.

Thibitisha bila gharama. Ingia kwenye BIOS kwa DEL (au F2, au F10, inategemea mashine), weka tarehe na saa sahihi, hifadhi. Zima, chomoa waya wa umeme, iache usiku kucha. Asubuhi ujumbe ukirudi na saa imepotea, betri imekwisha. Siku nyingine rudia, ila safari hii iache imechomekwa na soketi imewashwa. Ukiamka saa iko sawa, kesi imefungwa. Kama una jirani mwenye mita ya kupimia umeme, betri mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7 hivi usiibembeleze.

Tahadhari moja hapa, maana kuna watu wanabadilisha betri ambayo bado ni nzima. Saa ikiwa imepishana kwa masaa matatu kamili, dakika ziko sawa, na mwaka uko sawa, hiyo si betri. Hiyo ni kompyuta yenye Windows na Linux (mfumo mwingine kama Windows) pamoja. Linux husoma saa ya mazabodi kama saa ya UTC (saa ya marejeo ya dunia), Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko masaa matatu mbele ya UTC. Na ikipishana kwa masaa kumi au kumi na moja, angalia ukanda wa saa: aliyepiga Windows aliacha ule wa pwani ya magharibi ya Marekani.

Kuhusu tovuti kugoma, hazina ubaya na wewe. Kila tovuti ya HTTPS ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako inaamini ni 2009, inakuta cheti kilichoanza mwaka huu, inaona hakijaanza kutumika, inakataa. Chrome huwa inasema wazi kabisa kwamba saa yako iko nyuma, lakini watu wanaona rangi nyekundu wanakimbilia kununua antivairasi. Windows nayo haitajirekebisha yenyewe kwa tofauti kubwa hivyo: kwa mashine ya nyumbani, huduma yake ya saa kwa kawaida inakataa kusahihisha pengo linalozidi masaa 15. Rekebisha kwa mkono. Na kama una kibiashara na unatunza mauzo humo, pitia mafaili ya siku hizi, maana yamehifadhiwa kwa tarehe za 2009 na yatajificha mwisho kabisa wa orodha ukiyapanga kwa tarehe.

Betri yenyewe ni CR2032, ile bapa kama sarafu, upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Soma namba, usikubali "zote sawa". CR2025 na CR2016 zina upana uleule ila ni nyembamba, zitalegea kwenye kishikio. LIR2032 ni ya kuchaji, volti 3.6, ina umbo lilelile. Si ya hapa. Nunua iliyo ndani ya pakiti yake, kwenye duka la saa au la vifaa vya umeme. Bei yake haikaribii hata kidogo bei ya kupiga Windows.

Kabla hujafungua chochote, ingia BIOS upige picha kila ukurasa kwa simu. Nasisitiza hili kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza data. Tafuta hasa sehemu iliyoandikwa SATA Mode au SATA Operation: itakuwa AHCI, RAID au IDE. Hiyo ndiyo mitindo ya kusoma diski, na Windows inapopigwa inazoea mmojawapo. BIOS ikirudi kwenye mipangilio ya kiwandani na mtindo ukabadilika, Windows 7 inatoa skrini ya bluu yenye 0x0000007B, na Windows 10 inaandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Jirani yangu, mwalimu, alifikishwa hapo. Fundi mmoja alimwambia diski imekufa na mitihani yote ya wanafunzi imekwenda. Tulichofanya ni kubadilisha neno moja kwenye BIOS, kutoka RAID kwenda AHCI, ikawaka na kila kitu kilikuwa mahali pake. Kwa hiyo ukikuta skrini ya bluu siku ileile betri ilipoisha au ilipobadilishwa, anza na SATA. Ukikuta "Reboot and select proper boot device" au PXE-E61, angalia mpangilio wa kuwasha, huenda inatafuta mtandao kabla ya diski. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data), hakikisha unao ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa chochote, maana inaweza kuudai.

Kubadilisha ni kazi ndogo. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe. Fungua kava la hilo boksi (ambalo mtaani tunaliita CPU, acha tu). Shika chuma cha boksi kwanza ili umeme tuli utoke mwilini. Kishikio cha betri kina kijilimi pembeni. Kisukume taratibu, betri inaruka yenyewe. Usiichokoe kwa bisibisi, vishikio vya mashine za zamani vinavunjika. Mpya iingie upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukiwa juu. Washa, ingia BIOS, rudisha mipangilio kwa kufuata picha zako, weka saa, hifadhi.

Ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza vibaya ndani ya masaa mawili. Ifunge kwa selotepu pande zote mbili, weka mbali. Akiimeza ni hospitali muda huohuo.

Mara ya kwanza kuwasha baada ya hapo, mashine iliyotoka ofisini inaweza kulalamika "Cover was previously removed". Usiogope, ina kihisio cha kujua kava limefunguliwa. Kuna mahali kwenye BIOS pa kufuta hiyo taarifa.

Kuna ujanja ambao utaambiwa na mtu: kuingia BIOS na kuzima "Wait for F1 if error", au kuweka "Halt On: No Errors". Ni kweli ujumbe utatoweka. Saa itaendelea kupotea, mipangilio itaendelea kurudi nyuma kimyakimya, na siku feni au diski ikitaka kukuonya utakuwa umeshaiziba mdomo. Mimi simfanyii mtu.

Kama betri mpya imeingia na ujumbe bado unakuja, angalia vitu viwili kabla ya kulaumu mazabodi. Kwanza, vibati vya kishikio: kutu au kupinda kunazuia mguso. Pili, jampa ya kufutia CMOS, kijipini cha plastiki karibu na betri chenye maandishi kama CLRTC au CLR_CMOS. Kwenye mitumba kuna wanaoihamisha kufuta nywila ya BIOS na kuisahau hapohapo. Mashine nyingi inatakiwa pini 1 na 2, lakini soma kilichochapishwa kwenye ubao wako.

Na usichanganye ujumbe huu na ule wa "SMART Status Bad, Backup and Replace". Huo nao unakuomba F1, lakini huo ni hadidiski inaaga. Nakili data kwanza, mambo mengine baadaye.

Yule mdau aliyeuliza kuhusu laptopu: nyingi zina CR2032 hiyohiyo, ila imevishwa plastiki na kutoa waya mbili zenye plagi ndogo, kwa hiyo unanunua ya aina hiyo, si ya kuchomeka tupu. Baadhi za karibuni hazina kabisa, saa inategemea betri kubwa. Ujumbe wake pia unaandikwa tofauti: kwenye Lenovo utaona 0271 au 0251, kwenye HP za mezani ni 163, kwenye Dell ni "Time-of-day not set". Ukifungua laptopu, betri kubwa itenganishwe kwanza. Kama haitoki bila kufungua ubao mzima, hiyo mpe fundi, ila mwambie mwenyewe kwamba unataka betri ya saa, na Windows yako asiiguse.