Barua kwa mwanangu: kabla hujajaza namba ya NIDA

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma baada ya kufunga duka. Unauliza kama ile programu ya mikopo ni ya kweli au ya matapeli, maana inataka namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), picha ya uso wako na ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu, na kodi ya chumba unadaiwa wiki hii. Leseni za kukopesha zinatoka Benki Kuu, na Novemba 2024 waliitaja hadharani mikopo ya mtandaoni isiyo na leseni, programu 69. Anza kutafuta huko. Ila si hilo linaloninyima usingizi. Hata ikiwa na leseni, mimi nauliza: jina lako likishatoka mkononi mwako, analishika nani?

Nasema hivi kwa sababu ya bibi yako. Ulikuwa bweni, tulikueleza juu juu tu. Mwisho wa 2019 Dar nzima ilikuwa inakimbizana kusajili laini kwa alama za vidole kabla ya Desemba 31. Baadaye wakasogeza hadi Januari 20, lakini nani alijua? Bibi akaenda Rangi Tatu kwa vijana wa miavuli. Weka kidole, akaweka. "Bibi, haijasoma, weka tena." Akaweka. "Vidole vyako vimechoka na kazi, bibi, weka tena, watu wanasubiri." Na kweli vidole vilikuwa vimesagika kwa kukuna nazi na moto wa vitumbua, basi akaamini, akamwomba yule kijana radhi kwa kumchelewesha. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Alimwomba radhi!

Miezi ikapita, wakaja askari wawili na mjumbe. Kuna mzazi katumiwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma ada ya mtoto wake, na laini iliyopokea ina jina la bibi yako. Mwanamke ambaye hajawahi kubaki na chenji ya mtu. Tulikaa kituoni hadi magharibi, baba yako anaeleza, bibi kimya, anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Walimwachia walipoona hajui chochote. Baadaye tukaelekezwa kupiga *106#, tukakuta laini nyingine kwa jina lake ambazo hakuwahi kuzishika, tukazifungisha. Lakini barazani hakurudi kuuza vitumbua kwa muda mrefu. Alisema watu wanamtazama.

Anayekuharakisha ana lake. Umelisikia kwangu tangu unajifunza kuvuka barabara ya Kilwa, na sitaacha. Kijana wa mwavuli aliharakisha. Ujumbe wa hela unaharakisha. Anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu anataka namba yako ya siri sasa hivi, eti laini inafungwa. Na hiyo programu yako inajisifu kwa mkopo wa dakika tano.

Ingawa, haraka nyingine ni ya kweli, nakubali. Ulipoibiwa simu Msamvu ukapiga kwa simu ya kondakta kuomba nauli, ulikuwa na haraka ya haki, na kama tungekuona tapeli ungelala stendi. Basi siwezi kusema kila mwenye haraka ni mwizi. Lakini hata siku ile baba yako alikuuliza kwanza jina la jogoo wa bibi, ukalitaja huku unalia, ndipo tukatuma.

Tena hayo majina kwenye simu si mali yako. Ukichelewa kulipa, hawa wakopeshaji wa kausha damu wa mtandaoni wanawaandikia ndugu na mabosi wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayomtaka anayekusanya taarifa zako aseme anazitakia nini, na asichukue kuliko anazohitaji. Sasa laki tatu za kodi zinahitaji namba ya shangazi yako kwa kazi gani?

Sikukatazi. Baba yako kanisihi nisikukataze, wewe ni mtu mzima, na hata benki wanataka NIDA. Ni kweli. Ukiniuliza mimi hasa, ningesema... hapana, nimemwahidi. Ila mchezo wetu wa kuchangiana pesa mwezi huu napokea mimi, Jumamosi, na mwenye nyumba wako ni mtu wa kuongea naye, naweza kumpigia mwenyewe angoje hadi hapo. Amua unavyoona. Lakini leo hii, kabla hujagusa chochote, piga *106# uniambie umekuta laini ngapi kwa jina lako. Na hizo namba zinazokutumia ujumbe wa "jaza sasa", zipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Mama yako
Mbagala