Nadharia gani itafaa riwaya yako? Mimi nilianza vibaya

Dada, unasema mwalimu anayekusimamia anataka uchague nadharia kwanza ndipo uandike TFC yako, kazi ya kumalizia masomo, juu ya Tram 83, riwaya ya Fiston Mwanza Mujila inayozunguka baa moja ya mji wa migodi, na hujui ushike Umaksi (unaotazama pesa na matabaka), ufeministi au umuundo (unaotazama jinsi sehemu za kazi zinavyopangana na kupingana). Nami nilihangaika na riwaya hiyohiyo hapa Lubumbashi, basi nakueleza yaliyonipata.

Mimi nilichagua kwanza. Nikamshika mhakiki Lucien Goldmann, aliyeifungamanisha riwaya na jamii yake, kwa sababu kitabu chake cha 1964 kuhusu sosholojia ya riwaya ndicho nilichopata fotokopi yake inayosomeka. Nikajaza kurasa ishirini za Goldmann kabla mhusika hata mmoja hajafungua mdomo. Siku ya kutetea kazi, mwalimu mmoja wa jopo akafunua, akafunua, kisha akauliza: "Riwaya yenyewe iko wapi?" Ukumbi mzima ukacheka.

Nilichopaswa kufanya nilikifanya baadaye, usiku, nyumbani Kamalondo, penseli mkononi. Kuna swali linalojirudia mle: wanaume wanaongea, wasichana wa baa wanawakatiza kuuliza saa. Kwa Kiswahili chetu, "Uko na saa?" Unageuza ukurasa, hilo tena. Mwanzoni liliniudhi, nikawa naliruka. Anzia hapo hapo panapokuudhi.

Viktor Shklovsky, mhakiki Mrusi, aliandika mwaka 1917 kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu tulichokizoea kionekane kigeni. Swali la barabarani likirudiwa hivyo haliulizi tena; linakuwa kama ngoma inayopigwa chini ya maongezi. Sawa, lakini Shklovsky hakuambii kwa nini waulize saa, wasiombe kiberiti. Hapo ndipo Umaksi unapopata kazi: katika mji wa migodi, ambako pesa ya shimoni haifiki asubuhi, anayekuuliza saa anakuuzia saa zake.

Halafu ufeministi ukaninyima usingizi. Wale wanaume wawili wakuu wa riwaya, Lucien ana jina, Requiem ana jina. Wale wanaouliza, wengi wao wanakuja kwa makundi, wakipangwa kwa umri. Riwaya inatuonyesha dhuluma hiyo, au nayo inashiriki? Jibu langu hubadilika kila ninapoisoma.

Umuundo niliujaribu: Lucien huku, Requiem kule, mishale katikati. Nikabaki na mchoro tu. Labda ni uvivu wangu.

Na jihadhari na maradhi ya hapa kwetu: kila mtu atakuambia baa ile ni ipi hasa. Mwandishi kazaliwa hapa 1981, kweli, lakini mji wa kitabuni hauitwi Lubumbashi. Sina haja ya kumzika mtu aliye hai, ila insha ya mhakiki Mfaransa Roland Barthes kuhusu kifo cha mwandishi, inayosema maana ya kazi haitafutwi katika maisha ya aliyeiandika, inafaa sana kuwanyamazisha wajuaji hao.

Kwa mwalimu wako, usipeleke jina la nadharia. Mpelekee karatasi moja: sentensi tano ulizozipigia mstari, na chini ya kila moja swali lako. Goldmann wangu ningali naye, ukimtaka pita umchukue. Usishangae madoa ya mchuzi. Bukari, ugali wetu, ilikuwa inaliwa juu yake.